Ndita, Mashavu au Ngozi: Kuchagua Sindano ya Uso Ukiwa Unguja au Pemba

Anayetaka kupunguza uzee usoni huingia na neno moja tu: Botox. Neno hilo limekuwa kama Colgate, ambayo kwetu ni jina la kila dawa ya meno. Nyuma yake zimejificha sindano za aina nne zisizofanana. Ya kwanza hulegeza msuli. Ya pili hujaza pengo. Ya tatu huichokoza ngozi ijijenge yenyewe taratibu. Ya nne ni damu yako, unayorudishiwa baada ya kuchujwa. Ukiomba ya kwanza na shida yako ni ya pili, utalipa, utadungwa, na baada ya wiki mbili kioo kitakuonyesha uso ule ule.

Kwa aliyeko visiwani kuna jambo jingine. Mtu wa Dar es Salaam akiharibikiwa saa 4 usiku anachukua gari. Wa Nungwi au Mkoani ana bahari mbele yake na boti ya mwisho imeshaondoka. Ndiyo maana hapa umbali umehesabiwa sawa na uzuri wa matokeo.

VIGEZO VYA KUPIMIA

Anza na kioo, kabla hujaanza na bei. Kaa penye mwanga wa dirishani na ukunje ndita kama mtu aliyeudhika, kisha legeza uso. Mistari ikipotea uso ukitulia, anayeifanya ni msuli. Ikibaki imechorwa hata ukiwa umetulia, ngozi yenyewe imeshavunjika hapo, na msuli ukilazwa mstari utapungua tu, hautafutika. Halafu lala chali ushike kioo juu ya uso. Ukijiona umerudi nyuma miaka kumi, shida yako ni mashavu yaliyopungua nyama na kushuka. Mwisho, bana ngozi ya shavu kwa vidole viwili uiachie: je, inarudi haraka, au inasita kama karatasi?

Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde huchelewa kupata mikunjo midogo, kwa sababu rangi yake huikinga na jua. Uzee wetu huonekana zaidi katikati ya uso: chini ya macho panabonyea, mashavu yanashuka, na mfereji wa pua hadi mdomo unazama. Picha nyingi za matangazo ni za ngozi nyeupe zenye mistari ya paji la uso, na ndiyo sababu watu wetu wengi huomba dawa ya mistari hali wanachohitaji ni kujazwa.

Vigezo vingine vinne ni hivi: inadumu muda gani, maana yake mwaka mzima utaingia mara ngapi; ikienda kombo inarudishika au utaisubiri iondoke; kisiwani inataka nini katika friji, joto na mtu wa kukuangalia baadaye; na mwisho, inamfaa nani. Bei hatukuzipanga hapa, kwani hubadilika kwa kila kliniki, ila njia ya kuzihesabu imo katika kila sehemu.

Wapo ambao hakuna sindano hata moja kati ya hizi inayowafaa kwa sasa: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye jipu, chunusi kali au kidonda pale pa kudungwa, na mwenye homa yoyote. Aliyetumia mkorogo wenye steroidi kwa miaka aache kwanza na aonwe na daktari wa ngozi, maana ngozi ile imekuwa nyembamba, inachubuka kwa kuguswa na inapona kwa shida. Na kama kinachokukera ni madoa meusi, basi hii si mada yako. Madoa hutibiwa kwa krimu za daktari na mafuta ya kuzuia jua.

BOTOX NA NDUGU ZAKE

Inafanya nini

Ni sumu ya bakteria wa botulini, katika kipimo kidogo mno, inayokata ujumbe kutoka kwenye neva kwenda kwenye msuli. Msuli usipojikunja, ngozi iliyo juu yake haina kinachoikunja. Madaktari wa macho ndio walioanza kuitumia, kwa makengeza. Marekani iliidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 1989, na kwa ndita za katikati ya nyusi mwaka 2002. Mahali pake ni sehemu tatu za juu ya uso: ndita, paji, na mikunjo ya pembe za macho.

Vipimo vilivyoandikwa na mtengenezaji ni uniti 20 kwa ndita katika nukta 5, uniti 20 kwa paji, na 24 kwa pembe za macho, yaani 12 kila upande. Hizo ni uniti za Botox. Dysport, sumu ile ile ya kampuni nyingine, ina uniti zake, na kwa ndita zile zile hutumika 50. Anayekwambia "kwangu utapata uniti nyingi zaidi" muulize za dawa gani.

Hapa ndipo pesa hupotea bila mtu kujua. Kichupa cha uniti 100 huja kikiwa na unga mkavu chini, mdogo kiasi kwamba unaweza kudhani ni kitupu. Mdungaji hutia maji ya chumvi. Akitia mililita 2.5, kila sehemu ya kumi ya mililita ina uniti 4, na nukta 5 zinatimiza 20. Akitia mililita 5, tone lile lile lina uniti 2. Utaona sindano 5, utahisi maumivu 5, na umepata nusu ya dawa. Kwa hiyo lipa kwa uniti, usilipe kwa "sehemu" wala kwa idadi ya kudungwa, na uliza kichupa kimechanganywa na maji kiasi gani.

Inadumu vipi

Huanza kuonekana siku ya 3 hadi ya 5, hukamilika siku ya 14, na hudumu miezi 3 hadi 4. Hesabu mara 3 au 4 kwa mwaka. Ukiacha, uso unarudi ulivyokuwa. Hauwi mbaya zaidi kama wasemavyo watu.

Ikienda kombo

Kope kudondoka ndilo tatizo maarufu. Dawa ikidungwa karibu mno na ukingo wa tundu la jicho, au ikisuguliwa ikasambaa, hufika kwenye msuli unaonyanyua kope, na jicho moja hubaki limefumba nusu. Hakuna dawa ya kuifuta sumu ikishashika. Matone ya apraklonidini hunyanyua kope milimita 1 au 2 kwa saa kadhaa, na hali huondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa.

Linalotokea zaidi kwa waliovuka miaka 50 ni nyusi kushuka. Ukiwa na kope zilizolegea, paji lako lina kazi siku nzima: linashikilia nyusi juu ili uone vizuri. Likilazwa lote, nyusi zinakaa juu ya macho kama kofia iliyoshuka. Mdungaji mzuri hukuagiza kwanza ufumbe macho, ulegeze paji, halafu ufungue taratibu, aone kama paji linainuka kusaidia. Asiyekufanyia jaribio hilo, paji usimpe.

Kuna na nyusi zilizopanda ncha kama za jini wa katuni, kwa sababu pande za paji hazikuguswa. Hilo ni dogo, uniti 1 au 2 kila upande zinamaliza. Ila linarekebishwa siku ya 14, na mdungaji mgeni aliyepanga chumba hotelini kwa wikiendi moja siku hiyo hayupo.

La hatari kweli ni dawa bandia. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitoa onyo baada ya watu katika majimbo kadhaa kuugua kutokana na Botox ya bandia au iliyodungwa na wasio na sifa. Dalili za sumu kuenea mwilini ni kuona viwili viwili, kumeza kwa shida, sauti kukwama, na pumzi kuwa nzito. Hizo ni za kukimbizwa hospitali saa ile ile, Mnazi Mmoja au yoyote iliyo karibu.

Kisiwani

Kichupa cha Botox hukaa friji, nyuzi 2 hadi 8. Umeme wetu huja kwa waya wa chini ya bahari, na aliyekuwepo Unguja mwaka 2008, au ile miezi mitatu ya giza ya kuanzia Disemba 2009, anajua friji isiyo na jenereta ina thamani gani. Uliza kuhusu umeme wa akiba. Uliza pia dawa ilivuka bahari ndani ya nini: boksi la baridi lenye kipimajoto, au mkoba wa mtu aliyekaa sitaha ya juu. Ikishachanganywa, maelezo ya mtengenezaji yanataka itumike ndani ya saa 24. Kichupa "kilichobaki cha wiki iliyopita" kisikuhusu.

Baada ya kudungwa, ushauri wa kawaida ni kutolala wala kubonyeza pale kwa saa 4. Ni tahadhari zaidi kuliko sayansi, lakini haina gharama. Kwa anayeswali, panga miadi saa 2 asubuhi. Mpaka Adhuhuri inapoadhiniwa saa 4 zimeshapita na paji linagusa msala bila wasiwasi. Ushungi uliokazwa kwenye paji au pini za pembeni vilegezwe siku hiyo.

Inamfaa nani

Mwenye mistari inayokuja na kuondoka kwa hisia, na anayeweza kurudi kila baada ya miezi 4 bila kuona taabu. Haimfai mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli, wala aliyemo kwenye dozi ya antibayotiki kama gentamaisini, ambayo huizidishia nguvu sumu hii. Haimfai pia mwenye mashavu yaliyoshuka. Hapo haina kazi kabisa.

FILA YA ASIDI YA HAYALURONIKI

Inafanya nini

Ni jeli ya kitu ambacho mwili unacho tayari, kinachovuta maji. Huwekwa chini ya ngozi au juu ya mfupa kujaza palipopungua: mashavu, mfereji wa pua hadi mdomo, kidevu, midomo, na kwa mkono wa fundi hodari tu, chini ya macho. Majina makubwa ni Restylane, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, na Juvéderm, mwaka 2006.

Bomba moja lina mililita 1. Kijiko cha chai kinachukua 5. Chukua kijiko chako nyumbani, kigawe mara tano kwa macho, ndipo utaelewa kwa nini mtu wa miaka 55 aliyelipia bomba moja kwa mashavu yote mawili haoni tofauti. Afadhali kusubiri ukapata mabomba mawili au matatu kuliko kuanza na moja ukavunjika moyo. Upande wa pili, atakayekushauri mabomba sita siku ya kwanza anauza, hatibu.

Kuna na jeli nyepesi zisizojaza, zinazotandazwa ndani ya ngozi kuipa unyevu. Profhilo ndiyo inayojulikana: mililita 2 zinagawanywa katika nukta 5 kila upande wa uso, mara mbili, mwezi mmoja baina yake. Uso unang'aa, haunyanyuki.

Inadumu vipi

Midomoni, ambapo misuli haitulii, miezi 6 hadi 12. Mashavuni, mwaka hadi mwaka na nusu. Matokeo unayaona pale pale kitini, ila uvimbe wa siku za mwanzo unadanganya. Hukumu baada ya wiki 2.

Ikienda kombo

Sifa kubwa ya fila hii ni kwamba inafutika. Kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi kikidungwa pale pale huiyeyusha ndani ya saa chache. Kimezidi, kimepinda, hukipendi: kinatolewa. Kati ya sindano zote nne, hii peke yake ndiyo ina mlango wa kutokea.

Na unauhitaji mlango huo, kwa sababu hatari yake mbaya zaidi ni mbaya kuliko zote za Botox halali. Jeli ikiingia ndani ya mshipa wa damu, au ikaubana, ngozi inayolishwa na mshipa ule hukosa damu na kufa. Katikati ya nyusi, puani na pembeni mwa pua, mishipa inaungana na ule wa jicho. Jeli ikisukumwa kwa nguvu inaweza kurudi nyuma hadi kwenye jicho, na mtu akapofuka. Hutokea mara chache, lakini hutokea, na kwa mafundi wazuri pia. Kanula, yaani sindano butu, hupunguza hatari, haiimalizi.

Vitabu vinasema angalia ngozi ikiwa nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo hujificha. Unachoangalia ni hiki: bonyeza pale kwa kidole, achia, uhesabu. Rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 1 au 2, na ikifika 4 pana jambo. Kwa mdomo, ugeuze uangalie upande wa ndani, penye wekundu. Tazama kama pana madoa ya zambarau yaliyojipanga kama wavu wa jarife. Na sikiliza maumivu. Maumivu yanayoongezeka saa baada ya saa, wakati ganzi ilitakiwa iwe imeyatuliza, si ya kawaida hata kama uso unaonekana salama.

Sasa piga hesabu ya kisiwa. Jicho lililokosa damu lina takriban dakika 90, pengine pungufu, kabla halijaharibika moja kwa moja. Boti ya kasi kutoka Unguja hadi Dar huchukua takriban saa 2, na Pemba ni mbali zaidi. Kwa hiyo hayaluronidesi lazima iwe ndani ya chumba kabla bomba halijafunguliwa, vichupa kadhaa vya uniti 1,500, na mtu anayejua kuitumia. Uliza: "Hayaluronidesi iko wapi?" Jibu ni mtu kuinuka na kufungua friji akakuonyesha. "Tunaagiza ikihitajika" maana yake haipo, na wewe inuka uchukue mkoba wako. Mwenye mzio wa nyuki aseme mapema, kwa sababu anaweza kudhurika na kimeng'enya hicho.

Madogo yake: michubuko ya wiki moja, rangi ya buluu iliyofifia chini ya macho jeli ikiwekwa juu juu, na uvimbe unaokuja miezi baadaye ukipata mafua makali, chanjo, au jino likioza. Kazi ya meno isiwe ndani ya wiki 2 kabla wala baada.

Kisiwani

Friji si lazima, ila maboksi mengi yameandikwa nyuzi zisizozidi 25, na kaskazi ya Januari na Februari huzidi 30 kivulini. Fila iliyokaa kwenye rafu ya duka lisilo na kiyoyozi imeshatoka nje ya maelezo yake hata kama tarehe bado.

Kwa harusi, dungwa wiki 4 kabla, usipunguze chini ya 2. Singo ya kusugua, liwa inayopakwa kwa kukandwa, mvuke, na kujifukiza udi uso ukiwa karibu na chetezo, vyote visubiri wiki 2. Joto huongeza uvimbe, na mkono wa somo ukikanda shavu unaweza kuisogeza jeli kabla haijatulia. Dawa kama aspirini na ibuprofeni huzidisha michubuko. Ziachwe wiki moja kabla, ila aspirini uliyoandikiwa kwa moyo usiiache bila daktari wako kukwambia.

Inamfaa nani

Mwenye mashavu yaliyopungua, macho yaliyobonyea, au anayejaribu kwa mara ya kwanza na anataka uwezekano wa kurudi nyuma. Haimfai anayetaka ngozi ya shingo au taya inayoning'inia ipande juu. Hapo kinachosaidia ni upasuaji, na kujaza kupita kiasi huleta uso wa andazi.

SCULPTRA NA RADIESSE: ZINAZOAMSHA KOLAJENI

Inafanya nini

Hizi hazikai zenyewe. Zinauchokoza mwili ujenge kolajeni, ule uzi unaoishika ngozi. Sculptra ni unga wa asidi ya polilaktiki. Marekani ilianza kuidhinishwa mwaka 2004 kwa watu wenye VVU waliopoteza nyama ya mashavu, kisha mwaka 2009 kwa urembo. Radiesse ni punje ndogo za madini ya kalsiamu, jamii ya yale ya mfupa, ndani ya jeli, katika bomba la mililita 1.5, iliidhinishwa mwaka 2006.

Inadumu vipi

Sculptra inataka subira. Huwa ni vikao 2 hadi 4, wiki 4 hadi 6 baina yake. Siku ya kwanza uso umejaa maji ya kuchanganyia, siku chache baadaye umerudi vile vile na mtu anahisi ameibiwa, kisha kuanzia mwezi wa 2 unaanza kubadilika. Hudumu takriban miaka 2. Radiesse hujaza siku ile ile na hudumu mwaka mmoja au zaidi kidogo. Ukigawa gharama kwa miezi, Sculptra mara nyingi haiwi ghali kama inavyosikika.

Ikienda kombo

Hazifutiki. Hayaluronidesi haina kazi hapa. Radiesse ikiingia kwenye mshipa madhara ni yale yale ya fila, bila ule mlango.

Tatizo la Sculptra ni vinundu vinavyopapaswa chini ya ngozi kama punje za choroko. Sababu kubwa ni mchanganyiko mzito: zamani kichupa kilitiwa mililita 3 hadi 5, siku hizi ni 8 za maji na 1 ya ganzi. Sababu nyingine ni mteja asiyekanda. Sheria ya tano-tano-tano inajulikana: dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5. Ukiifuata pamoja na swala tano hutaisahau. Angalia kwamba ni kinyume kabisa cha Botox na fila, ambazo hazitaki kuguswa; aliyechanganya maelezo ya shoga yake na yake mwenyewe huharibu kazi. Sculptra na Radiesse zote mbili haziwekwi midomoni, wala karibu na macho.

Kisiwani

Hapa ndipo zinapopata maksi. Hazihitaji friji, chumba cha kawaida chenye kiyoyozi kinatosha. Ila vikao vitatu ni safari tatu, na aliyekudunga cha kwanza awe ndiye wa cha tatu. Ukifanyiwa picha ya eksirei au CT ya uso, taja Radiesse, maana inaonekana kwenye picha na inaweza kumchanganya msomaji.

Inamfaa nani

Mwembamba aliyepungua uso mzima, asiye na haraka, asiyetaka watu wamwambie "umefanya nini?". Mabadiliko huja polepole kiasi kwamba jirani anadhani umenenepa tu. Haimfai mwenye harusi baada ya mwezi, wala anayejaribu kwa mara ya kwanza na bado anasitasita.

PLAZMA YA DAMU YAKO

Inachukuliwa damu mililita 10 hadi 20 mkononi, inazungushwa kwenye mashine hadi chembe nyekundu zitulie chini na maji ya rangi ya samli yabaki juu, na hayo ndiyo yanayodungwa usoni. Chembe sahani zilizomo, zile zinazogandisha damu, zinatakiwa kuichangamsha ngozi. Ushahidi wake kwa mikunjo ni mdogo kuliko wa zote tatu zilizotangulia. Matarajio ya haki ni ngozi laini na yenye uhai kidogo, hasa chini ya macho. Kujaza haijazi, mstari haifuti.

Kawaida ni vikao 3, mwezi mmoja baina yake, kisha kurudia kila baada ya nusu mwaka au mwaka.

Haina mzio kwa kuwa ni yako, na kwa sababu hiyo watu huichukulia kama mchezo. Hatari ni mikono na vyombo. Mwaka 2024 kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani kilieleza kwamba wateja wa saluni moja huko New Mexico waliambukizwa VVU kwa huduma hii, pahala ambapo vifaa vya kutumia mara moja vilirudiwa. Basi kila mrija, sindano na kichupa kifunguliwe mbele yako, na jina lako liandikwe kwenye mrija kabla damu haijatoka mkononi. Wateja wawili wasizungushiwe damu kwa pamoja bila majina.

Kisiwani ndiyo nyepesi kuliko zote: hakuna dawa ya kuvusha bahari. Inamfaa anayeogopa vitu vya kigeni mwilini na mwenye matarajio madogo. Haimfai mwenye upungufu wa damu, chembe sahani chache, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

HALALI NA SAUMU

Maswali haya huulizwa sana kwetu. Asidi ya hayaluroniki ya Restylane na Juvéderm hutengenezwa kwa kuchachusha bakteria, haitoki kwa mnyama. Botox na ndugu zake Dysport na Xeomin zina albumini, yaani protini, ya damu ya binadamu kwa kiasi kidogo sana, na Dysport ina laktosi ya maziwa, kwa hiyo mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe asiitumie. Hukumu ya kutumia, na ya kubadilisha umbile kwa urembo, muulize sheikh wako na umpe maelezo haya kamili. Kuhusu Ramadhani, wanazuoni wengi hawaoni sindano isiyo ya lishe kuwa inafunguza, lakini plazma inataka kutolewa damu, na hapo ipo khilafu kama ya hijama. Ifanyike usiku, au Mfunguo Mosi.

KABLA HUJAKAA KITINI

Mdungaji awe daktari au muuguzi aliyesajiliwa na baraza lake, na kliniki iwe na kibali ukutani. Saluni iliyopamba bibi harusi vizuri haijui mshipa wa jicho unapita wapi. Dawa na vipodozi Zanzibar viko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Kama unashuku boksi, peleka jina na nambari ya toleo huko. Piga picha ya boksi, nambari na tarehe ya mwisho, uihifadhi kwenye simu. Miaka miwili baadaye daktari mwingine atakuuliza nini kimo usoni mwako, na "fila ya Korea" si jibu. Silikoni ya maji, au chochote kinachoitwa "cha kudumu", kiache: kikiharibika hutolewa kwa kisu.

KWA HALI YAKO

Miaka 35 hadi 45, uso umejaa, ndita tu zinakuzeesha: Botox kwenye ndita peke yake, uniti 20, na paji liachwe mpaka uone.

Miaka 50 na zaidi, kope nzito, mashavu yameshuka: fila mashavuni kwanza. Paji usiliguse, au liguswe kwa uniti chache sana.

Umepungua uso baada ya kupunguza mwili au ugonjwa, na una mwaka mzima mbele yako: Sculptra, ikiwa mdungaji ni mkaazi. Ukiwa na miezi miwili tu, fila.

Harusi ya binti yako iko wiki 5 zijazo na hujawahi kudungwa: Botox wiki hii, ili siku ya 14 irekebishwe na bado zibaki wiki tatu. Fila ya kwanza maishani isiwe ya harusi.

Mdungaji mgeni anakuja kwa siku mbili: plazma haina neno kubwa, vyombo vikiwa safi. Botox, ikiwa kuna daktari wa hapa aliyekubali kukuona siku ya 14. Fila, kwa sharti la hayaluronidesi kubaki kisiwani pamoja na mtu wa kuitumia. Sculptra na Radiesse, hapana.

Uko Pemba na kliniki uliyoichagua iko Unguja au Dar: kwa Botox unaweza kurudi kesho yake. Kwa fila, lala usiku mbili karibu na kliniki, kwa kuwa mshipa ulioziba mara nyingi hujionyesha ndani ya muda huo. Tikiti ya kurudi uikate siku ya tatu, baada ya kuonwa.